UZI: Asubuhi ukiwa Guangzhou unakunywa chai gani? Wa safari za mzigo na mlioko nje tuelezane

DadaVyombo:

Habari zenu wakuu, na mlioko mbali na nyumbani salamu zenu za pekee maana uzi huu ni wenu hasa.

Mimi nauza vyombo vya jikoni Kariakoo, sufuria, chupa za chai, mabakuli, sahani za melamini. Guangzhou, kule China, naenda mara mbili kwa mwaka, mwezi wa nne na mwezi wa kumi, kipindi cha yale maonyesho yao makubwa ya Canton yaliyoanza 1957. Kwahiyo pale si mgeni, Xiaobei naijua, Sanyuanli naijua, Foshan nimeshazunguka viwanda mpaka miguu ikavimba. Ila kuna kitu kimoja miaka yote hii sijakizoea na leo nataka tukiongee kwa kirefu. Ni asubuhi.

Mchana sina shida. Wali wao nakula, samaki wao wa kuchemsha kwa tangawizi na majani ya vitunguu ni mtamu kweli, mboga za majani wanajua kuzikaanga kwa moto mkali zikabaki kijani. Usiku hivyohivyo, na pale Xiaobei ukikosa kabisa kuna migahawa ya Waafrika unapata ugali. Shida ni saa moja asubuhi. Nimegundua mchana mtu unaweza ukajaribu chochote, ila asubuhi tumbo halitaki majaribio, linataka kile linachokijua, ukilipa kingine linanuna mpaka saa sita na wewe unakuwa huna nguvu ya kubishana bei.

Mi wa Tanga. Nimekulia chai ya maziwa iliyochemka na tangawizi na iliki mpaka ikabadilika rangi, na muhogo wa nazi, au chapati, Ijumaa vitumbua. Na sasa hivi Dar kabla sijafungua duka lazima nipite kwa mama mmoja ana benchi la mbao na meza yenye kitambaa cha plastiki, akiniona tu anakamata kikombe kabla sijasema.

Safari yangu ya kwanza nilifikia hoteli moja (jina naliacha) ambayo chai ya asubuhi imo humohumo kwenye bei ya chumba. Nikashuka na lifti nina furaha. Nakuta tambi za kukaanga, kabichi, mkate laini mtamuuu kama keki, maziwa baridi kwenye jagi na uji mweupe. Nikasema afadhali uji. Kumbe ni uji wa mchele, una chumvi, ndani wamekata vipande vya nyama na yai jeusi. Nikauliza kwa ishara nyama gani, nikaonyeshwa picha ya nguruwe kwenye simu. Nikaweka bakuli chini taratibu. Siku hiyo nilizunguka soko la vyombo na ndizi mbili tumboni.

Mwaka uliofuata nikajifunza mtaani. Kuna wale wanauza vitu kama maandazi marefu, wanayaita youtiao, wanachukua vipande viwili vya unga wanavibandika kimoja juu ya kingine wanavivuta kisha kwenye mafuta, vinaumuka vinakuwa na uwazi ndani. Mara ya kwanza kuona niliita kwa sauti kabisa "maandazi haya!" Ukiuma hayana sukari, hayana iliki, yana kachumvi kwa mbali, na wenyewe wanachovya kwenye maziwa ya soya ya moto. Si mabaya. Lakini unga umekaangwa vizuri, na mdomo unausubiri utamu ambao hauji, hiyo hali ni ngumu kuielezea kwa mtu ambaye hajaipitia.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nianzishe uzi. Mwezi wa nne Mchina wangu wa chupa za chai akanitumia ujumbe kupitia binti mkalimani, kwamba kesho asubuhi twende tukanywe chai. Maneno hayohayo, kunywa chai! Nikamuuliza binti una maana kula asubuhi? Akasema ndiyo, watu wa Guangzhou hawasemi tunaenda kula, wanasema yam cha, kunywa chai, hata kama utakula sahani kumi. Wakuu nilisisimka. Sisi tunaulizana "umekunywa chai?" na mtu anajibu ndiyo, nimekula mihogo na supu, chai yenyewe hajaigusa. Nilidhani hiyo ni yetu peke yetu, kumbe na hawa wenzetu, na hilo neno lenyewe chai limetoka kwao.

Nikaenda. Ukumbi mkubwa umejaa wazee, wengine na magazeti yao, wamekaa kama wazee wa kahawa wa kule kwetu, hawana haraka. Inaletwa birika, chai ya kwanza hainywewi, wanaoshea vikombe na vijiti kisha wanamwaga. Ukimiminiwa unagonga vidole viwili mezani, ndiyo ahsante yao. Maji yakiisha kwenye birika humwiti mtu, unafungua mfuniko unauacha umekaa upande, mhudumu akipita anaona anajaza. Nilipenda sana. Vikaja vikapu vidogo vya mianzi vina mvuke, binti akanisaidia kuuliza kipi kina nguruwe kipi hakina, nikala samaki na mkate wa mvuke. Ila ile chai... ya rangi, haina sukari, haina maziwa, haina tangawizi. Harufu nzuri kabisa, ya kistaarabu, na mimi nimeishika mikono miwili nimepata simanzi ghafla. Niko nchi ilikotoka chai na chai yangu haipo. Nikatamani kupiga simu nyumbani nimuulize mtu tu "umekunywa chai?" nikakumbuka huku saa moja asubuhi, Dar ni saa nane usiku.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni huu, na nauweka hapa mnipinge: vitafunwa vyote ukienda nje utapata ndugu zake. Andazi utapata nduguye, uji utapata nduguye, hata chapati. Chai ya maziwa ya kuchemsha haina ndugu. Ndiyo ya kubeba.

Nyie mnafanyaje?

MzeeWaSupu:

Dada nakuheshimu ila kwenye chai napinga. Asubuhi ni supu. Mimi naenda Yiwu, hukohuko China, kuchukua vifaa vya simu na miaka miwili ya mwanzo nilikonda, mpaka siku nimepita uchochoroni nikasikia harufu ya mifupa inachemka nikasimama palepale barabarani. Kibanda kina kibao cha kijani na maandishi ya Kiarabu, halali. Ni Waislamu wa Kichina wametoka kule kaskazini magharibi, Gansu na Qinghai, wanavuta tambi kwa mikono, anapiga unga mezani paa! anauvuta anaukunja anauvuta tena mpaka unakuwa nyuzi. Mimi hizo tambi nasema aweke kidogo, nataka ule mchuzi. Supu ya ng'ombe safi, ina vipande vya figili nyeupe, giligilani juu, pilipili ya mafuta unajiwekea mwenyewe, siki ipo mezani. Nilipokunywa kijiko cha kwanza macho yaliloa, sisemi uongo. Huko Lanzhou kwenyewe, mji mkuu wa Gansu, wananiambia hiyo ndiyo ya asubuhi, saa kumi na mbili watu wamepanga foleni na mabakuli.

Sasa natembea na ndimu mfukoni, nazinunua hukohuko. Kinachopungua ni chapati tu. Kwahiyo supu nayo ina ndugu, tena wa damu.

DadaVyombo:

Mzee umenifungua, hivyo vibao vya kijani nimeviona miaka yote Xiaobei nikidhani ni vya tambi za mchana tu. Ahsante sana. Lakini umenisaidia mimi, ona, supu imepata ndugu. Chai bado.

PwaniKabisa:

Assalam alaykum. Mie wa Mombasa, niko Leicester huku Uingereza mwaka wa sita. Kwetu asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, na chai ya maziwa, au sturungi kama maziwa hakuna. Mwaka wa kwanza nilikua nalia kwa sababu ya mbaazi, kila duka kubwa naingia natafuta naona maharagwe ya kopo ya nyanya, wenyewe ndio asubuhi yao na yai na mkate. Siku moja nikaingia duka la Wahindi, mzee aliyekaa kwenye kaunta akaniskiza nikiongea na simu, nilipokata akaniuliza kwa Kiswahili, "wataka nini, mwanangu?" Nilishtuka. Kumbe Leicester wamejaa Wagujarati waliotoka Uganda 1972 wakati wa Amin, na wengine wa Kenya na Tanganyika. Mzee huyu Kiswahili chake ni kile cha zamani, safi, cha dukani. Nikamwambia nataka mbaazi. Akanipeleka kwenye rafu, akanionyesha pakiti imeandikwa toor. Zile zilizopasuliwa za manjano ndio dali, lakini uliza zile nzima, hizo ndizo mbaazi zetu. Na mihogo iko kwenye friza, tena wao wenyewe wanaiita "mogo", mikahawa yao inauza mogo ya kukaanga na pilipili na ndimu!

Tui nanunua la kopo kwenye duka la Wathai. Si kama la kukuna lakini ukiweka iliki na kitunguu halikuaibishi. Mbaazi uziloweke usiku kucha, usikubali mtu akwambie kuloweka ni kupoteza wakati.

Kwa hivyo dada, mie chai sikuikosa hata siku moja, maziwa yapo, majani yapo mengi ya Kenya. Nilichokosa ni mbaazi. Kila mtu na pengo lake.

MpembaWaRuwi:

Wallahi huu uzi umenikuta nina kikombe mkononi. Mie niko Maskati. Huku chai ya maziwa ndiyo maisha, wanaita karaki, ina iliki, vibanda kila kona, watu hawashuki hata gari, unapiga honi unaletewa. Na maandazi yapo maana wazee waliotoka Unguja na Pemba walikuja nayo, ukienda msiba au arusi ya watu hao unakuta maandazi na sambusa na Kiswahili kinasemwa mpaka na watoto. Dada Vyombo ukitaka ndugu wa chai yako njoo huku.

Mie kinachoniumiza ni mkate wa ufuta. Kwetu mama alikuwa anautandaza kwenye chungu kwa mkono uliolowa maji, anamwagia ufuta, upande wa chini ukishaiva anakipindua chungu chenyewe juu ya makaa, mkate umeshikilia hauanguki, uso wake unapigwa na moto mpaka ufuta unanukia. Huku nina jiko la gesi. Nimejaribu kikaango, nimejaribu ovena, unaiva ndiyo lakini ule ukavu wa juu na ule moshi wa makaa haupo. Mwenye njia anambie.

Alafu huyo ndugu wa Mombasa anasema sturungi. Kwetu chai kavu ni mkandaa, kwa ile rangi ya magome ya mkoko.

PwaniKabisa:

Mkandaa, mashallah! Bibi yangu wa Vanga alikuwa akisema hivyo. Kuhusu mkate, mie natumia kikaango cha chuma kizito kisicho na mpini wa plastiki, ukishika chini nakipindua chote juu ya moto wa gesi kama mamako alivyokuwa akifanya na chungu. Kisiwe kile cha kutoshika chakula, mkate utaanguka. Moto uwe wa kati na ukizungushe. Makaa hayana mfano lakini ufuta utanukia.

MpembaWaRuwi:

Nimeelewa. Kumbe mie nilikuwa natumia kile cha kutoshika! Ijumaa nakujibu.

BintiMachame:

Jamani na sisi wa Kilimanjaro tupo. Niko Minnesota nasoma, na hapa mwezi wa kwanza baridi inaingia mpaka kwenye meno. Wenzangu wa chumba asubuhi wanamimina maziwa kutoka kwenye friji juu ya zile nafaka kavu wanakula. Maziwa ya BARIDI, nje kuna theluji! Mimi siwezi. Mwili unataka mtori, ule wa ndizi mshare na nyama ya mfupa umepondwa mpaka ukawa laini, au uji wa ulezi.

Nilichojifunza na nawaachia mlioko Marekani: ulezi uko maduka ya Kihindi unaitwa ragi, unga mweusi mweusi uleule. Maduka ya Wamexico na watu wa Karibi yana ndizi mbichi, yana muhogo wanaita yuca, na hizo mbaazi za kaka wa Mombasa wanaziita gandules, kavu na za kopo. Ndizi si mshare, mtori wake unakuwa mzito na hauna ule utelezi, kwahiyo mi naongeza maji ya nyama na siagi kidogo. Na kwenye maandazi angalieni pakiti ya unga, kuna unga wao umeshatiwa baking powder na chumvi humohumo, ukiweka na hamira yako unapata kitu hakieleweki.

Uji napika wa wiki nzima Jumapili naweka kwenye friji, asubuhi napasha. Shosti wangu mmoja wa hapa aliuonja sasa hivi anakuja na bakuli lake.

KijanaWaGerezani:

Wakuu mimi mwezi wa kumi ndiyo safari yangu ya kwanza Guangzhou, naenda kuangalia spea za pikipiki. Mama amesema atanifungia maandazi ndoo nzima na kuku wa kukaanga. Nibebe?

DadaVyombo:

Mdogo wangu kuku acha. Nyama hairuhusiwi kuingia China, maziwa hayaruhusiwi, matunda na mboga mbichi pia, wakikukuta nazo uwanjani zinachukuliwa, na mama atakuwa amechinja bure. Maandazi siku ya pili ni magumu, ya tatu unayaonea huruma. Mwambie mama akupe ya kula njiani tu.

Ubebe hivi. Majani ya chai makavu robo kilo, pakiti ifungwe vizuri. Iliki na mdalasini zilizokaushwa. Tangawizi usibebe, huko iko mpaka unaikanyaga. Hoteli nyingi chumbani kuna birika la umeme, ila TAFADHALI usichemshie maziwa humo, yataungua chini na atakayekuja baada yako atanywa maji ya harufu. Fanya kama mimi: nunua chupa ya chai ndogo, ponda kipande cha tangawizi kwa kitako cha kikombe, tia tangawizi, majani, iliki mbili zilizofunguliwa, mwagia maji yanayotokota, funga. Nenda kaoge. Ukirudi imeshakolea, weka maziwa ya unga ya hukohuko na sukari. Haijafika ya kuchemsha kwenye sufuria, naomba usitarajie hivyo, ila ukifungua ile chupa chumba kizima kinabadilika.

Na niwamalizie habari ya binti mkalimani. Siku moja asubuhi kanifuata chumbani twende kiwandani, nikammiminia kikombe. Kanywa funda moja kaniangalia usoni kwa huruma kaniuliza, "Dada, unaumwa?" Kumbe kwao tangawizi ya moto yenye sukari nyekundu ni ya mtu mwenye mafua, au wasichana wakiwa kwenye siku zao. Nikamwambia hapana, mimi mzima, kwetu hii ni ya kila siku. Akamaliza kikombe kimya. Nikamuongeza, akagonga vidole viwili mezani. Kesho yake kafika nusu saa kabla ya muda.

MzeeWaSupu:

Hapo umenimaliza. Basi chai na supu, vyote.

BintiMachame:

Dada na vitumbua je? Ulisema Ijumaa vitumbua alafu hujavitaja tena. Mimi huku sijapata chuma chake.

DadaVyombo:

Nilikuwa naviacha makusudi maana ndivyo vinaniuma zaidi. Sikiliza. Safari hii iliyopita kwenye soko la vyombo, ghorofa ya tatu, duka la majiko madogo, naona chuma kimening'inia ukutani kina mashimo ya duara, kizito. Nikasimama. Nikauliza wanapikia nini, binti akasema ni vya Wajapani, wanapika vidonge vya unga vyenye pweza ndani, vinaitwa takoyaki. Nikaingiza kidole gumba kwenye shimo kupima. Padogo kuliko chetu, kitumbua kinatoka kama cha mtoto, lakini mviringo ni uleule na chuma kinashika moto. Tafuta hicho, maduka ya vitu vya Kijapani huko kwenu yatakuwa nacho. Na wale mlioko Denmark, nasikia wana chao cha mashimo makubwa, wanapika vya kwao vya sikukuu, hicho ndiyo kabisa.

Mchele loweka usiku, saga na tui la kopo, iliki, hamira, sukari. Uache uumuke. Mafuta kidogo kila shimo, geuza kwa kijiti.

KijanaWaGerezani:

Dada hicho chuma umeleta? Mama anauza vitumbua hapa mtaani, anavitaka vidogo vidogo vya shilingi mia.

DadaVyombo:

Nilileta kimoja, kiko jikoni kwangu na hakiuzwi. Mwezi wa kumi nakuja na katoni. Mwambie mama aje dukani kwanza akione, nampikia na chai.

MpembaWaRuwi:

Ijumaa imefika. Nimekipindua kikaango. Haukuanguka.